Mkereza anakwenda Ufaransa, abebe kamera gani?

Leo tuongelee kamera, ila si ya kupigia harusi wala ya kujipiga mwenyewe ufukweni. Ni kamera ya mtu mwenye shughuli maalumu na safari moja tu ya kuifanyia. Nitaandika kwa urefu kidogo, manake swali la "eti ninunue kamera gani?" liko kila kona, na majibu ni yale yale: nunua yenye megapikseli nyingi, nunua kubwa, nunua kama ya fulani. Hakuna anayeuliza kitu cha kwanza kabisa: hizo picha ukirudi nazo nyumbani utazifanyia nini?

Mfano wangu ni mjomba wangu. Ni fundi umeme mstaafu, yuko Tanga, na kitu anachokipenda kuliko kitu kingine ni kukereza mbao. Kwa wasiojua, kukereza ni kule kufunga kipande cha mti kwenye mashine kikazunguka kwa kasi, halafu fundi anakisogezea patasi taratibu mpaka kinatoka na umbo la mviringo. Miguu ya meza, nguzo za vitanda vya samadari, vinara vya mishumaa, bakuli, zote hizo ni kazi za kukereza. Mashine yake ameiunda mwenyewe kwa mota ya pampu ya maji. Hauzi. Ukioa au ukiolewa mtaani kwake unapewa bakuli la mninga, basi. Kama unadhani ni kazi ya watu waliokosa kazi, jua kwamba hata Peter Mkuu, mfalme wa Urusi aliyefariki mwaka 1725, alikuwa akikereza kwa kujifurahisha.

Sasa binti yake anaishi Paris, kamkatia tiketi ya wiki mbili. Wengine hapo tungewaza mnara wa Eiffel. Mzee akawaza mpingo.

MPINGO UNAINGIAJE HAPA?

Wengi wetu tukisikia mpingo tunawaza vinyago vya Wamakonde. Lakini mpingo wa Tanzania na Msumbiji ndio mti unaotumika kutengenezea klarineti na oboe, yale mafilimbi meusi ya kwenye okestra. Ni mti mzito kiasi kwamba ukitupa kipande majini kinazama. Na hizo klarineti zinakerezwa! Mti unatoka kusini kwetu, unafika Ufaransa, unazungushwa kwenye mashine, unatobolewa, unatoka chombo cha muziki.

Kuna kijiji kinaitwa La Couture-Boussey, kiko Normandy, chini ya kilomita 100 magharibi ya Paris. Watu wa pale wanakereza filimbi tangu karne ya 17, na ndiko ilikotoka familia ya Hotteterre, mafundi na wanamuziki waliokuwa maarufu kwenye jumba la mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1888 mafundi wa kijiji hicho walianzisha makumbusho ya ala za kupuliza. Mzee akataka kufika huko. Paris kwenyewe kuna makumbusho ya muziki pale La Villette, na kuna ya Arts et Métiers, ambako imewekwa mashine ya kukereza vyuma ya Vaucanson ya karne ya 18. Kwa mkereza hiyo ni hija.

Sasa kitu ambacho hakuwaambia watu wengi: mikono yake imeanza kutetemeka. Si sana, ila kwenye patasi kutetemeka kidogo ni kutetemeka kwingi. Kuna vijana wawili wanakwenda kwake kila Jumamosi kujifunza. Akaniambia: "Mpwa wangu, mimi hayo maumbo huenda nisiyakereze tena vizuri. Nataka hawa watoto wayaone yalivyo, wayapime, wayakereze wao." Akanipa kazi ya kumtafutia kamera, na bajeti ya laki nane kwa kila kitu.

Kwa hiyo jibu la "utazifanyia nini?" likapatikana hapo hapo. Picha zitawekwa mbele ya mashine, na kijana ataiga umbo kutoka kwenye picha. Maana yake picha isidanganye umbo. Tukashika hilo, mengine yote yakafuata.

SI SIMU TU INATOSHA?

Swali zuri, na mimi ndilo nililoanza nalo. Simu za siku hizi zinapiga picha safi sana. Tatizo ni lenzi yake kuu. Inaona upana mkubwa, kwa hiyo ili kitu kijae kwenye fremu inabidi ukisogelee. Na ukikisogelea, kinabadilika.

Fanya jaribio hili leo. Chukua chupa au kinara, weka mezani, piga picha kwa simu ukiwa karibu, kama sentimita 30, simu ikiwa usawa wa katikati ya chupa. Angalia: umbo limebadilika, na mdomo wa chupa unaonekana kama yai badala ya mstari. Sasa rudi nyuma mita 2 au 3, vuta kwa zumu, piga tena. Mdomo umekuwa karibu mstari mmoja. Chupa ni ile ile! Kilichobadilika ni umbali uliosimama.

Kwa picha ya shangazi hiyo si kitu. Kwa mkereza ndiyo habari yenyewe, manake anachokihitaji ni ule mstari wa nje wa umbo: hapa pametuna, hapa pamebonyea, hapa kuna pete. Mstari ukipinda kwenye picha, kijana wa Tanga atakereza kitu kingine kabisa.

Basi tukapata sharti la kwanza: kamera iwe na zumu ya kweli, ya lenzi, inayofika angalau kile wanachokiita milimita 100. Zumu ya simu nyingi za bei ya chini ni kukata picha katikati na kuikuza, hakuna kitu kipya kinachoongezeka. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta mbali, hongera, huenda huhitaji kununua kitu. Ya mjomba haina.

Simu haikutupwa lakini. Inabaki kwa video na kwa kupiga mazungumzo na watu.

MEGAPIKSELI: HAPA NDIPO WATU WANALIWA

Nilimpeleka mzee duka moja Dar. Kijana wa dukani hata hajauliza tunataka nini, akaanza: "Hii ina megapikseli 24, ile 12, hii ni mara mbili." Twende na hesabu.

Picha ya megapikseli 12 ina nukta kama 4,000 kwa urefu na 3,000 kwa upana. Klarineti ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 66, yaani milimita 660. Ukiijaza kwenye fremu, 4,000 gawanya kwa 660, unapata nukta 6 kwa kila milimita. Mkereza wa mbao akipata nusu milimita ameshinda! Megapikseli 24 nazo si mara mbili kwa urefu, ni mara 1.4 tu, kwa sababu zile nukta zinaongezeka pande zote mbili. Ili upate mara mbili ya undani unahitaji megapikseli mara nne.

Kwa hiyo 12 zinatosha, 20 ni starehe. Hela usiiweke hapo. Iweke kwenye kihisi, kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Makumbusho mengi yana taa hafifu makusudi ili vitu vya zamani visiharibike, na flashi mara nyingi hairuhusiwi. Kihisi kikubwa kinakusanya mwanga mwingi, picha haiji na ile chenga chenga. Linganisha maeneo yake:

- Kamera ndogo ya bei poa: kama milimita za mraba 28.
- Kamera ndogo yenye kihisi cha "inchi 1": kama 116.
- Kamera nyingi za kubadilisha lenzi za bei ya kati: kati ya 330 na 370.
- Zile za wapiga picha wakubwa: 864.

Kutoka ya kwanza kwenda ya pili umeruka mara nne, na bado inaingia mfukoni. Hapo ndipo nilipoanza kuona mwanga.

KUBWA AU NDOGO?

Kijana wa dukani alitutolea Nikon D3200, ya mwaka 2012, ile ambayo wapiga picha wengi wa harusi wameshika. Ni kamera nzuri, nisiisingizie. Ina tundu la kuchungulia, na ukiibana usoni inatulia. Lakini angalia kazi tuliyonayo:

1. Bila lenzi tu imezidi nusu kilo. Mzee mwenye mikono inayotetemeka ataizungusha siku nzima? Itaishia kwenye begi, na kamera iliyoko kwenye begi haipigi picha.

2. Karakana ya mbao ni vumbi. Ukifungua lenzi pale ndani kubadilisha, vumbi linakaa kwenye kihisi na kila picha inakuwa na madoa. Kamera ambayo lenzi yake haitoki haina hilo tatizo, ila nayo isiache vumbi liingie wakati lenzi inatoka na kurudi. Ukimaliza kupiga, zima, weka mfukoni.

3. Lenzi yake ya kawaida inafika kama milimita 82 kwa kipimo kile kile cha kulinganishia. Ili uvute zaidi ununue lenzi nyingine. Laki nane imekwisha.

Kwa hiyo tukaamua: ndogo, kihisi cha inchi 1, zumu ya kufika 100, na iwe na kile kifaa ndani ya lenzi kinachopunguza mtikisiko. Hicho kwa mjomba hakina mjadala. Lenzi inasogea yenyewe kidogo kidogo kupinga mtikisiko wa mkono, na unaweza kupiga kwenye mwanga hafifu bila picha kufifia. Mikono ikitetemeka haifuti kila kitu, lakini ukiegemea ukuta na kuvuta pumzi kwanza, inasaidia kinoma.

Zilizobaki kwenye orodha:

Sony RX100 ya kwanza (2012) na ya pili (2013). Zumu ya 28 mpaka 100. Ya pili kioo chake cha nyuma kinainuka, kwa hiyo unaweza kuishika usawa wa kifua na kuangalia chini.

Sony RX100 ya tatu (2014). Hapa watu wanajichanganya, wanadhani mpya ni bora kwa kila kitu. Zumu yake inaishia 70! Inapokea mwanga vizuri zaidi, ila kwa kazi yetu ni kurudi nyuma.

Canon G7 X (2014). Zumu 24 mpaka 100, na ikivutwa inapokea mwanga mwingi kuliko hizo Sony mbili za mwanzo. Ingekuwa chaguo la kwanza, lakini miaka ya karibuni vijana wa majuu wamezifufua kamera ndogo, bei ikapaa.

Panasonic TZ100 (2016). Zumu inafika 250 na ina kitundu cha kuchungulia. Ikivutwa mwisho inataka mwanga mwingi.

MTI UNAPOZUNGUKA

Sehemu hii hutaikuta kwenye makala nyingi za kamera. Mjomba anatarajia kuonana na fundi mmoja akiwa kazini. Mti ukizunguka mara 1,200 kwa dakika, hiyo ni mara 20 kwa sekunde. Ukipiga kwa kasi ya 1/100 ya sekunde, mti umeshazunguka moja ya tano ya duara kabla picha haijaisha: utaonekana laini kama unaelea, na mkono wa fundi umetulia. Picha nzuri sana hiyo. Ukipiga 1/2000, mti unaganda kama umesimama. Mkereza anahitaji zote mbili: ya kwanza inaonyesha mstari wa umbo, ya pili inaonyesha patasi imekaa pembe gani.

Angalizo la taa. Umeme wa Ufaransa ni wa mawimbi 50 kwa sekunde kama wetu, na taa nyingi za mirija na baadhi ya LED huwa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona. Ukipiga kwa kasi sana unapata mistari ya giza. Chini ya taa za hivyo tumia 1/50 au 1/100. Na uzuri ni kwamba unaweza kufanyia mazoezi hapa hapa nyumbani.

Halafu kuna hili alilonifundisha mzee mwenyewe. Nilimvalisha kamera shingoni kwa kamba yake, akaivua hapo hapo. "Kamba shingoni mbele ya mashine inayozunguka? Unataka kuniua?" Kweli bwana. Mkereza hakaribii mashine na tai, mkufu, wala mikono mirefu ya shati. Kamba ya kamera ni kitanzi. Simama mbali, vuta kwa zumu. Unaona zumu inavyorudi tena?

NYEUSI YA MPINGO

Kamera inapenda kufikiri kwamba dunia nzima ni ya kijivu. Ukiijazia kitu cheusi inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na mpingo unatoka kama mkaa uliopauka. Tafuta kitufe chenye alama ya + na −, shusha mpaka −0.7 au −1. Mpingo unakuwa mpingo.

Mng'ao nao: usipige uso kwa uso na taa. Sogea kushoto au kulia mpaka ule mstari mweupe wa taa uondoke katikati. Kama kitu kiko nyuma ya kioo cha makumbusho, sogeza lenzi karibu na kioo na uvae shati jeusi, kivuli chako kisijirudie. Hapo zumu na kurudi nyuma vinaweza kushindikana. Basi piga hivyo hivyo, ila andika kwamba hiyo si ya kupimia.

Na kipimo: piga kwanza kibao cha maelezo, mara nyingi kinataja ukubwa. Kwenye karakana, ukiruhusiwa, weka sarafu ya euro 1 pembeni ya kitu. Kipenyo chake ni milimita 23.25. Ukirudi Tanga unapima sarafu kwenye picha, unapata kipimo cha kitu chote.

KABLA HUJATOA MSHIKO

Ukinunua ya mtumba fanya haya dukani, usione aibu:

- Washa na kuzima mara kumi. Lenzi ikikwaruza, acha.
- Fungua menyu. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina Kijapani tu, hubadilishi. Bei nzuri ya ghafla uiulize kwanza.
- Piga anga jeupe huku zumu imevutwa. Madoa yakionekana ni vumbi la ndani.
- Angalia betri kama imevimba, na chaja kama ipo.
- Nenda na kadi yako mwenyewe, ondoka na picha za majaribio, ziangalie kwenye kompyuta kubwa kabla ya kurudi kulipa.

Bajeti usiimalize kwenye kamera. Tuliacha ya betri ya pili, kadi mbili za GB 32 badala ya moja kubwa (moja ikifa, safari haijafa yote), na plagi ya kubadilishia, manake soketi za Ufaransa ni za matundu mawili ya mviringo na pini inayochomoza, plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii. Betri za akiba zipande nawe ndani ya ndege, si kwenye begi la mizigo. Ndiyo sheria.

Kila usiku hamishia picha kwenye kompyuta ya binti. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inaminywa. Na sisi wa kafe: kadi kubwa ya SD ina kitufe kidogo ubavuni, kisukume kwenye "lock" kabla ya kuichomeka. Kompyuta nyingi haziwezi kuandika kitu humo, kwa hiyo virusi vya kafe vinakosa pa kuingilia.

TULICHONUNUA

Tulichukua RX100 ya pili, ya mtumba, safi. Chenji ilitosha vitu vyote hapo juu. Sasa hivi, mwezi mmoja kabla ya safari, kazi ya mjomba ni moja: kila jioni anapiga picha kitu alichokikereza mwenyewe, na Jumamosi wale vijana wanajaribu kukiiga kutoka kwenye picha bila kukiona. Cha kwanza kilitoka kinene shingoni, alikuwa amesimama karibu mno. Cha tatu, kinara cha mkongo, waliviweka viwili sambamba mezani na mzee akakaa kimya kama dakika nzima. Halafu akauliza kipi ni chake.

Hiyo ndiyo kamera nzuri. Haijalishi imeandikwa nini usoni, ilimradi kazi uliyoipa inafanyika na umeijua kabla hujapanda ndege.

Kwa wanaojua Ufaransa: mzee amehifadhi sentensi moja tu, "Je peux prendre une photo, s'il vous plaît?", yaani naomba kupiga picha. Mwongezeeni nyingine hapo chini kwenye maoni. Na kama kuna mkereza mwingine humu, hata wa miti ya chapati, ajitokeze tumuunganishe na mzee.

Nawasilisha.